Aliyepona Hakandwi

Goti langu la kulia limeanza kusema. Halina maneno mengi: husema ninapoinuka kitini, husema ninaposhuka ngazi, na ninapokwenda sijida hutamka jambo ambalo si la kutamkwa msikitini. Daktari aliyelitazama ni kijana mwenye mikono safi sana. Alilibonyeza kwa vidole viwili, akanipa jina refu la Kizungu pamoja na vidonge vyeupe ndani ya karatasi. Nilimwomba anieleze jina hilo kwa lugha yetu. Akafikiri kidogo, akasema, "Ni umri, mzee."

Mimi ni mtu niliyevuka bahari kwenda Bara Hindi kutafuta shahada. Nilirudi nayo ndani ya mkebe wa bati ili isiliwe na mende, na hivi leo imetundikwa ukutani hapa Ganjoni, ikinitazama nikishindwa kuokota kalamu iliyoanguka.

Mke wangu haamini vidonge. Juzi, baada ya alasiri, aliniletea kikombe cha maji ya moto yaliyokorogwa manjano, akasimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Kunywa kabla hayajapoa. Watu wa kwetu wote walikuwa wakitumia."

Nilipiga funda moja, nikakiweka kikombe chini.

"Una nini? Ni machungu?"

"Si machungu," nilisema.

Ni kweli, hayakuwa machungu sana. Yalikuwa na ladha ya udongo mkavu uliorushiwa maji. Manjano nimeyala maisha yangu yote, ndani ya mchuzi na juu ya samaki, kama kila mtu wa pwani. Lakini manjano matupu katika maji sikuwa nimewahi kuyaonja. Nilikuwa nimewahi kuyatengeneza tu, mara moja, nikiwa na umri wa miaka minane au tisa, nikampa mtu mwingine ayanywe. Mtu huyo alikuwa bibi yangu mzaa baba, Bibi Shee.

Tulikaa katika nyumba ya mawe ya ghorofa mbili, kwenye kichochoro cha Mji wa Kale kilichokuwa chembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya kwake, jirani wa upande wa pili ndiye aliyemwombea rehema. Bibi alikaa chumba cha juu kabisa, chenye upepo. Kati ya chumba chake na mlango wa nje kulikuwa na ngazi kumi na saba, kila moja na kimo chake, kwa sababu fundi aliyezijenga, alivyosema Ami, alikuwa akipima kwa ghadhabu. Ami ni ndugu mdogo wa baba yangu. Baba alikuwa mtu wa safari za biashara za Unguja na Pemba, kwa hivyo mwanamume wa nyumba alikuwa Ami, aliyefanya kazi ya ukarani kwenye reli na kuvaa viatu hata siku za mapumziko.

Bibi alikuwa na ugonjwa wa baridi yabisi. Mimi, kama mtoto yeyote mwenye akili nyingi na maarifa machache, nilidhani kuna baridi ya kweli iliyomwingia magotini. Sikuwahi kuona baridi Mombasa, basi niliona ni jambo la haki kabisa kwamba hiyo kidogo iliyopatikana mjini ilikuwa imekaa kwa Bibi. Nilikuwa nikigusa magoti yake nikitarajia kuyakuta kama mtungi wa maji. Yalikuwa ya moto, na yamevimba, yakang'aa kwa mafuta. Alipoinuka yalitoa sauti kama ya mtu anayevunja kashata, na alinitazama kwa pembe ya jicho aone kama nimesikia.

Matibabu yalikuwa mengi, na nayakumbuka kwa harufu zake. Kila siku baada ya magharibi Mama alimkanda kwa mafuta ya nyonyo yaliyopashwa na kitunguu thaumu. Hiyo ilikuwa harufu ya nyumba yetu. Ilikuwa katika mito, katika kanzu zangu, na nadhani hata katika kuta. Baada ya mafuta ilifuata chumvi: chumvi ya mawe, ikakaangwa kavu chunguni, ikafungwa kwenye kitambaa, ikawekwa juu ya goti mpaka ipoe. Bibi alifumba macho wakati huo, na uso wake ukawa wa mtu aliyesamehewa. Mara moja kwa mwezi alikuja mwumishi, mama mmoja mnene mwenye pembe sita za ng'ombe ndani ya kikapu. Aliweka pembe juu ya goti, akavuta hewa kwa mdomo kupitia kitundu cha juu, akakiziba kwa nta. Mimi nilifukuzwa kila mara, na kila mara nikarudi kupitia mlango wa pili.

Kisha Ami akaleta dawa ya kisasa. Ilikuwa chupa ya maji meupe mazito, aliyoinunua kwa Wazungu wa kazini kwake, na kwenye karatasi yake kulikuwa na picha ya farasi anayeruka. Mama alipoifungua, tulilia sote machozi, hata paka akatoka. Bibi aliishika ile chupa, akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Na huyu farasi alipona?" aliuliza.

"Mama, hii ni dawa ya Wazungu," alisema Ami.

"Naona ni dawa ya farasi wa Wazungu. Haya, paka. Nikianza kupiga mateke, msiniulize."

Daktari wa Kizungu naye aliulizwa. Ami alimweleza hali, na daktari akatoa shauri kwamba mgonjwa asipande wala asishuke ngazi. Shauri hili lilifika kwetu kwa heshima zote. Nyumba yetu ilikuwa ngazi tupu zenye vyumba vichache pembeni.

Mpaka hapo mambo yalikuwa ya kuvumilika, na mwenye kuyavumilia alikuwa mimi, kwa maana nilikuwa mjumbe. Bibi Shee alikuwa na dada yake mkubwa, Bibi Time, aliyekaa Kibokoni, mwendo ambao mtoto aliweza kuukimbia bila kusimama. Naye magoti yalikuwa yamemkatalia. Wale dada wawili waliolelewa kitanda kimoja walikuwa hawajaonana kwa zaidi ya mwaka, kwa sababu ya ngazi kumi na saba upande mmoja na magoti manne kwa jumla. Basi walitumana salamu kupitia kwangu, na salamu zenyewe zilikuwa mashindano ya dawa. Bibi Time alikuwa na imani na mchanga: waliukaanga mchanga wa pwani, wakammwagia miguuni akiwa amekaa kwenye jamvi.

"Mwambie mdogo wangu," alisema Bibi Time, "mafuta ya nyonyo ni ya kutilia taa."

Nilikimbia, nikasema. Bibi Shee hakufikiri hata kidogo. "Mwambie dadangu mchanga ni wa kuzikia."

Nilikimbia tena, nikasema. Bibi Time alicheka mpaka akakohoa, akanipa kipande cha halua. Nilijifunza mapema kwamba maneno makali yakibebwa vizuri yana malipo, na huenda ndipo nilipoanza kuwa mwandishi.

Siku moja nilimkuta Bibi Time amelala, na hakutuma neno. Alikuwa na homa. Kesho yake hivyo hivyo, na siku iliyofuata binti yake alinisimamisha mlangoni akaniambia, "Mwambie bibi yako dada yake anamtaja." Nilipofikisha habari hiyo, Bibi Shee aliomba fimbo yake. Alisimama, akafika kwenye ngazi ya kwanza, akaweka mguu mmoja chini. Mama alimdaka. Nilimwona Bibi akilia, na sikuwa nikijua kwamba wazee wanaweza.

Ami alikuja na mashauri. Alisema angeweza kupata toroli, vile vigari vya kusukumwa vilivyokuwa vikiwapitisha Wazungu kwenye reli nyembamba barabarani. Mama alimkumbusha kwamba reli hiyo haikuingia vichochoroni. Basi wanaume wanne na kiti, alisema Ami.

"Kiti?" alisema Bibi. "Nipitishwe mbele ya maduka nimekalia kiti kama mzigo wa forodhani, kila mwenye macho anione? Hapana. Mtu hubebwa akizaliwa na hubebwa akifa. Hapa katikati mimi nina miguu."

"Miguu haiendi, Mama."

"Basi niitieni mwalimu. Aniandikie kombe. Nikinywa nisisimame, mnibebe mnavyotaka."

Mwalimu huyo ndiye aliyetufundisha Kurani sisi watoto wa mtaa, mtu mpole mwenye ndevu nyembamba na bakora ndefu. Kombe lake lilijulikana. Aliandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, mwandiko mwembamba ukizunguka kama nyuzi. Nyumbani sahani ilioshwa kwa marashi ya waridi, na mgonjwa akayanywa maji yake. Nasi wanafunzi tulijua, kama watoto wanavyojua mambo, kwamba kombe halikuwa la magonjwa tu. Lilifungua kifua. Tulihadithiana juu ya mvulana fulani aliyekuwa mzito kama jiwe la kusagia, akanywa kombe, akahifadhi juzuu nzima kwa wiki mbili.

Na mimi nilikuwa mzito. Kulikuwa na sura moja ya juzuu ya Amma niliyokwama ndani yake tangu mwezi uliopita, kwenye neno moja, kama mbuzi aliyeingiza kichwa katika mtungi. Wadogo zangu walikuwa wamenipita. Jumatano hiyo nilitakiwa kuisoma yote kwa moyo, na Baba alikuwa anatarajiwa kutoka Pemba kabla ya Ijumaa. Nilikuwa nimemwomba mwalimu aniandikie kombe. Alinitazama juu ya kitabu. "Kombe lako wewe," alisema, "ni kuacha kucheza korosho."

Jumanne asubuhi nilitumwa kwake kuchukua sahani ya Bibi. Niliibeba kwa mikono miwili, imefunikwa kitambaa, na njia nzima sikukanyaga pasipostahili. Mama aliiosha jikoni, ambako kwetu kulikuwa chini, uani. Alimimina yale maji ya rangi ya dhahabu ndani ya kikombe cha kaure, kisha mgeni akabisha hodi.

"Mpelekee Bibi yako," aliniambia. "Polepole, na usimwage hata tone."

Sikumwaga hata tone. Kwenye ngazi ya tisa, penye kijiukumbi kidogo, nilisimama. Nilikusudia funda moja tu. Niliona kwamba Bibi ni mmoja na magoti ni mawili, lakini kombe lilikuwa kikombe kizima, na bila shaka mwalimu alikuwa ameandika kwa ukarimu. Nilisema bismillahi, nikanywa. Yalikuwa matamu kwa harufu, baridi, mepesi, kama kunywa chumba cha bibi harusi. Nilingojea kifua kifunguke. Nikaona pengine funda moja halitoshi kwa neno gumu kama lile. Nikanywa tena. Nilipoangalia, niliona chini ya kikombe.

 Nilishuka tena kwa vidole vya miguu. Mama alikuwa barazani na mgeni. Zafarani ilikuwa ndani ya kijaluba kilichofungiwa kwenye sanduku, na ufunguo ulikuwa shingoni kwa Mama. Lakini manjano yalikuwa rafuni kwenye kopo lake, na chupa ya marashi ilikuwa wazi. Nilitia maji, nikatia marashi, nikakoroga kwa kidole. Rangi ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza, nikaona afadhali hivyo, dawa yenye nguvu.

Bibi alikuwa amekaa kitandani, ametandaza kitambaa safi mapajani, kichwa amekifunika vizuri, kama mtu anayengojea mgeni wa heshima. Alikipokea kikombe kwa mikono yote miwili, akasema bismillahi, akapiga funda.

Akakomea hapo. Kikombe kilikuwa bado mdomoni, macho yake juu ya ukingo yakanitazama. Alinitazama uso, kisha mikono, ambayo niliiweka nyuma.

"Hili kombe ameliandika mwalimu mwenyewe?" aliuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa mkono wake?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nawe ndiwe uliyelileta."

"Ndiyo, Bibi."

Aliinamisha macho ndani ya kikombe. Mimi nilidhani anaomba dua. Kisha akainua kikombe akanywa yote, mpaka chini, bila kupumzika, akafuta midomo kwa ncha ya mtandio.

"Mwalimu ana mkono mzuri," alisema. "Kakioshe kikombe hiki. Wewe mwenyewe, kwa majivu, na umwepushie mama yako taabu." Niliona ni heshima kwa kombe, kutotaka kikombe chake kioshwe na yeyote isipokuwa aliyelibeba. Nilijisikia mkubwa.

Kikombe nilikiosha. Vidole nilivisahau. Baada ya alasiri Mama alikuja juu kumtazama mgonjwa, nami nilikuwa nimekaa miguuni kwa Bibi nikiipitia sura yangu kimoyomoyo. Mama alinishika mkono kwa jambo jingine, nadhani kuniondoa kwenye mkeka, akaugeuza.

"Hii manjano ya nini?" alisema. "Umekwenda kuchezea nini jikoni kwangu? Nimelikuta kopo halikufunikwa. We mwana, nitazame. Na yale marashi—"

"Mkaza mwanangu," alisema Bibi. "Nipe fimbo."

Mama aliacha mkono wangu. Bibi alikuwa tayari ameweka miguu sakafuni. Alishika fimbo, akashika nguzo ya kitanda, akasimama. Magoti yalivunja kashata zake zote. Hakutazama chini. Alikwenda mpaka mlangoni, akageuka, akatutazama kana kwamba sisi ndio tunaomchelewesha.

"Buibui langu," alisema. "Nakwenda kumwona dadangu."

Mama alipiga magoti pale pale akamshukuru Mungu, akasahau manjano, akasahau marashi, akanisahau mimi. Na mimi nilisimama katikati ya chumba nikiwa mtu wa pekee duniani aliyejua kwamba kombe liko tumboni mwangu na aliyenyanyuka amenyanyuka kwa kiungo cha mchuzi.

Tulishuka zile ngazi kumi na saba, Mama mbele akirudi kinyumenyume, Bibi katikati, mkono wake mmoja kwenye ukuta na mwingine begani kwangu. Alinishika kwa nguvu ambayo sijapata kushikwa nayo tena. Kucha zilipita kwenye kanzu. Nilifurahi. Nilijiambia, tazama nguvu zilivyomrudia. Njiani watu walitoka milangoni, kina mama walipaza sauti kutoka madirishani, "Bibi Shee, umeshuka?" naye akajibu kila mmoja, "Nimeshuka, alhamdulillahi," bila kupunguza mwendo, na kila alipojibu mkono ukakaza begani. Tulipofika Kibokoni kanzu yangu ilikuwa imelowa jasho lake.

Bibi Time alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, amekuwa mdogo sana. Alifumbua macho, akamtazama dada yake akiwa amesimama wima mlangoni.

"Wewe," alisema. "Umepona?"

"Nimepona."

"Kwa mafuta ya nyonyo?"

"Kwa kombe."

"Nilijua," alisema Bibi Time. "Nyonyo ni ya kutilia taa." Akasogea kitandani kidogo, akapiga godoro kwa kiganja. "Haya, njoo ulale, usisimame hapo kama mdai."

Bibi alilala kando yake. Mama alitufukuza wote nje. Kupitia mlangoni nilisikia wakicheka, kisha wakinong'ona. Bibi alikaa huko siku nne. Siku ya nne Bibi Time alifariki, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wa mdogo wake.

Jumatano yangu nilisahau kuieleza, kwa sababu haikuwa na la kueleza. Nilikwama palepale, kwenye neno lilelile. Nilipigwa bakora mbili, na Baba alipofika aliambiwa.

Basi nikakaa nikafikiri, mtoto wa miaka minane au tisa, na nikafikia uamuzi. Maandishi ya kweli nimeyanywa mimi, hayakunifaa. Manjano yasiyoandikwa chochote ameyanywa Bibi, yamemsimamisha. Kwa hivyo si dawa inayoponya, ni mtu kuamini kwamba amepewa dawa. Nilibaki na hilo kama mtu aliyeokota johari njiani. Lilinifuata shuleni, likanifuata melini. Huko Bara Hindi, katika bweni letu, nilikuwa nikisimulia kisa hiki kwa wanafunzi wenzangu wakati wa chai, nikiigiza uso wa Bibi juu ya kikombe, nao wakicheka na kuniona mtu wa fikra huru. Niliandika insha juu ya imani na mwili. Mwalimu wangu mmoja aliisifu sana. Naweza kusema bila kutia chumvi kwamba elimu yangu yote, pamoja na kiburi chake, niliijenga juu ya kikombe kile. Ami aliniandikia kwamba Bibi amefariki katika mwaka wangu wa pili huko. Nililia, kisha wiki hiyo hiyo nikakisimulia kisa tena.

Kuna mambo niliyoyaacha nilipokuwa nikisimulia, kwa kuwa hayakuchekesha. Niliacha kwamba baada ya mazishi ya dada yake Bibi alirudi nyumbani kwa miguu yake, akapanda ngazi kumi na saba, akaingia kitandani kwa wiki mbili. Alisema ni homa. Tuliamini, maana msiba huleta homa. Mwalimu alikuja kumpa mkono wa pole, akasimama nje ya pazia. "Dawa yako ilinisimamisha, mwalimu," Bibi alimwambia. "Si yangu, Bibi Shee, ni ya Mwenyezi Mungu," alisema yeye. "Ndivyo," alisema Bibi.

Niliacha pia habari ya mafuta. Tangu siku ile ya kushuka ngazi, Mama hakumkanda tena. Chupa ya nyonyo ilirudi chini, mwumishi akaambiwa asije, farasi wa Ami akapewa jirani. Nilimuuliza Mama kwa nini, kwa sababu nyumba haikunuka tena kama nyumba yetu. Alicheka. "Aliyepona hakandwi," alisema, na maneno hayo yakawa kama methali ya nyumbani; Bibi mwenyewe aliyasema kila alipoulizwa hali na majirani. Lakini adhuhuri, watu walipolala, aliniita kwa kidole. "Nipashie chumvi kidogo," alisema. "Usimwambie mama yako. Miguu ya mzee hupenda joto, basi." Niliikaanga chumvi, nikaifunga kwenye kitambaa, nikamwekea, goti moja halafu jingine, na yeye akafumba macho. Nilidhani ni mchezo wetu sisi wawili. Nilifanya hivyo mwaka mzima na zaidi, na katika mwaka huo, huku nikisubiri chumvi ipoe, aliniketisha kando yake akanifundisha ile sura, neno kwa neno, mpaka nikapita pale nilipokwama. Naijua mpaka leo.

Yote hayo nilikuwa nayo kichwani juzi alasiri, kama nilivyokuwa nayo kwa miaka arobaini. Lililokosekana lilikuwa funda moja tu. Mimi ni mtu ambaye mke wangu hanitumi sokoni kwa kuwa siwezi kutofautisha bamia na pilipili. Lakini yale maji yalipogusa ulimi, nilijua mara moja, bila kuambiwa, kwamba ni manjano. Hakuna mtu aliye hai anayeweza kuyanywa akadhani ni zafarani. Na Bibi alikuwa amepika katika nyumba ile tangu alipoletwa bibi harusi.

Alijua kwa funda la kwanza. Alinywa mengine yote akijua. Aliomba fimbo wakati Mama ameshika vidole vyangu, si kabla.

"Yatapoa," alisema mke wangu. Alikuwa bado amesimama pale, mikono imeshuka kutoka kiunoni sasa, na usoni mwake niliona jambo ambalo mume aliyeoa miaka mingi husahau kulitafuta: alikuwa na hofu kwamba sitapona.

Nilikichukua kikombe, nikanywa mpaka chini.

"Una mkono mzuri," nilimwambia.

"Mkono gani? Ni manjano na maji. Unasikia nafuu?"

Nikashika ukingo wa meza, nikasimama, nikatembea mpaka dirishani na kurudi, bila kutazama chini.

"Naona nafuu," nilisema. Naye akacheka, akachukua kikombe, akaenda zake jikoni akiimba. Goti lilikuwa likisema mambo mengi. Nilingoja mpaka sauti yake ifike mbali, ndipo nikakaa.